Pistoni haikuwa bandia



Juma hili naanza na masahihisho. Magazeti yana pembe yake ndogo ya masahihisho, huko kurasa za ndani, jirani na matangazo ya viwanja vinavyouzwa. Sisi wa redio hatuna pembe. Neno likishatoka limetoka, na anayetaka kulirudisha hana pa kulishika. Hata hivyo leo nitajaribu.

Miaka mitatu iliyopita, katika mazungumzo haya haya, nilizungumzia vipuri bandia. Nilitoa mfano wa nyumbani kwetu Mpwapwa, wa fundi aliyemfungia marehemu baba yangu pistoni bandia katika pikipiki yake mwaka 1999, injini ikafa kabla ya miezi mitatu kwisha. Sikulitaja jina la fundi yule. Nilijiona mwungwana kwa kutolitaja. Lakini Mpwapwa si Dar es Salaam. Waliosikia walijua ninamsema nani, na yeye mwenyewe alisikia. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika, maana kazi yetu hii inatufundisha sauti hiyo hata pale ambapo hakika yenyewe haipo. Leo nataka kuwaelezeni jinsi nilivyoifungua injini ile, na nilichokikuta ndani yake.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG 125, ya mwaka 1982, nyekundu. Baba alikuwa bwana mifugo. Aliitumia kazini miaka mingi, na ofisi ilipoiuza kwa mnada mwaka 1991 akainunua yeye. Nyuma ya kiti alifunga sanduku la barafu la kubebea chanjo, na kwa pikipiki hiyo alikwenda kuchanja kuku wa watu kideri na kuangalia ng'ombe wenye ndigana, vijiji ambavyo gari lilifika mara moja kwa mwezi au halikufika kabisa. Sisi watoto tuliijua sauti yake kabla haijapita kona ya kisima. Tulikuwa na muda wa kutosha kuzima redio na kufungua daftari.

Niwape kidogo habari za injini hii, kwa kuwa bila hizo hamtaelewa kwa nini ilifufuka.

Pikipiki nyingi ndogo za Honda za wakati ule zilikuwa na kemshafti, kile chuma kinachofungua na kufunga vavu, juu kabisa kwenye silinda hedi, nayo ikizungushwa na mnyororo mwembamba ulio ndani ya injini. Ni mpango mzuri, injini inazunguka kwa kasi na kwa ulaini. Lakini kemshafti iliyo juu na mnyororo wake vinataka oili safi, na vinataka mtu wa kuvirekebisha kwa wakati. Wahandisi wa Honda walipoangalia jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi kama zetu, waliona mambo mawili: mzigo unazidi, na oili haibadilishwi. Wangeweza kutuandikia kitabu kikubwa zaidi cha maelekezo. Badala yake wakaunda injini nyingine. Ikatoka mwaka 1976, nayo ndiyo CG. Kemshafti wakaishusha chini, ikazungushwa na meno moja kwa moja kutoka kwenye kranki, bila mnyororo wowote. Kemshafti yenyewe ina yai moja tu linalohudumia vavu zote mbili, na kutoka chini kwenda juu kuna vijiti viwili vya chuma vya kusukumia, vyembamba kuliko kalamu. Kwa mtaalamu wa miaka ile huo ulikuwa mpango wa kizamani. Waliurudia kwa makusudi. Hata chujio la oili si la karatasi la kununua dukani. Ni wavu mdogo unaooshwa kwa petroli, pamoja na kikombe kinachozunguka na kutupa uchafu pembeni mwake, ukaganda humo.

Mwaka huo huo wa 1976 Honda ilifungua kiwanda Manaus, Brazil, na CG ndiyo iliyokuwa pikipiki ya kwanza kuundwa hapo. Aliyeitangaza kwa Wabrazil alikuwa Pelé. Pakistan wanaiunda hadi leo. Na Wachina wakaichukua injini hiyo, wakaiiga, wakaifanya yao. Siku moja ukipanda bodaboda, kabla ya kupatana bei, inama utazame ubavu wa injini. Ukiona imeandikwa 156FMI, basi 1 ni idadi ya silinda, na 56 ni upana wa silinda hiyo kwa milimita. Hiyo ni mjukuu wa pikipiki ya baba yangu. Ikiwa 162FMJ ni mjukuu aliyenenepa: upana umepanda hadi milimita 62, lakini mwendo wa pistoni kupanda na kushuka umebaki milimita 49.5 zile zile za mwaka 1976. Wenye Boxer msiiname, yenu ni ya ukoo mwingine.

Sasa turudi mwaka 1999. Mnamo Mei injini ya baba ilikuwa imechoka, inakunywa oili. Fundi wake, aliyekuwa akizihudumia pikipiki karibu zote za maofisa pale mjini chini ya mkwaju mmoja, akashauri silinda ikerezwe na kufungwa pistoni ya ukubwa wa 0.50, yaani nusu milimita zaidi ya ile ya kiwandani. Siku hizo pistoni halisi ilikuwa kama lulu. Aliagiza kupitia kondakta wa basi, ikaja ndani ya boksi lake. Kazi nzima na kifaa ilikuwa shilingi 38,000. Pikipiki ikarudi inalia kama mpya.

Mwishoni mwa Agosti ikaanza kutoa moshi wa bluu. Katikati ya Septemba haikuweza kupanda kilima cha hospitali ikiwa na mtu mmoja. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kupandisha sauti, safari hiyo alipandisha. Akasema amefungiwa pistoni bandia. Fundi akaomba aifungue aone. Baba akakataa: mwizi haitwi kukagua mlango alioubomoa. Shauri likaenda kwa wazee wa mtaa, fundi akaambiwa arudishe fedha yote. Akairudisha. Aliuza boksi lake la spana, lile la chuma lenye ngazi tatu, kwa fundi wa magari wa Kongwa. Maofisa wakahamisha pikipiki zao kwa mtu mwingine, na chini ya mkwaju pakabaki alama nyeusi za oili. Baba akaisukuma CG hadi stoo, akaifunika gunia. Hakuiwasha tena mpaka alipofariki mwaka 2012.

Mwaka jana mwezi wa Juni mama akanipigia simu. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamepita, wanatoa bei kwa kilo, naye stoo anaitaka kwa kuku. Nikamwomba anisubiri. Nikaenda, nikaifungua injini kutoka kwenye fremu, nikaitia ndani ya viroba viwili, nikapanda nayo basi hadi Dar es Salaam. Konda alinitoza nauli ya mzigo akinitazama kwa mashaka. Sikuwa na mpango wowote wa kutafuta ukweli. Nilitaka tu kusikia ile sauti ya kona ya kisima.

Nikamtafuta kijana mmoja fundi wa bodaboda, mwenye kijiwe jirani na kwangu. Tukakubaliana atakuja jioni, tufanye wote, mimi nikiwa saidia fundi. Mke wangu alitoa masharti mawili: mabeseni yake yasiguswe, na petroli isiingie jikoni. Sharti la kwanza lilivunjika siku ya pili.

Injini ilikuwa imeshika. Pistoni imeganda ndani ya silinda kwa kutu, haiendi mbele wala nyuma. Mimi nilikuwa tayari kutafuta nyundo. Kijana akanizuia. Akafungua plagi, akamimina katika tundu lake dizeli iliyochanganywa na oili, akasema tuonane baada ya siku nne. Siku ya nne akatia tena. Siku ya saba akashika kranki kwa spana, akaisukuma mbele unywele mmoja, nyuma unywele mmoja, mbele, nyuma, kama anayembembeleza mtoto aachie kisu. Ilichukua saa nzima. Ilipoachia ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayevunja muwa.

Kazi nyingine iliyotusumbua ni skrubu. Za Kijapani zina kichwa cha nyota, lakini nyota yake si sawasawa na ya bisibisi tunazouziwa madukani. Pembe zake zinatofautiana kidogo, na kidogo hicho kinatosha. Ukizungusha kwa nguvu, bisibisi inaruka, nyota inageuka kuwa shimo la mviringo, na hapo umekwisha. Kijana alikuwa na bisibisi aliyoisaga ncha mwenyewe, na kabla ya kuzungusha aliigonga kitako kwa nyundo, pigo moja la uhakika. Nikajaribu mimi, nikaharibu mbili. Hakusema kitu. Alichukua patasi akazitoa.

Kila kilichotoka kilikuwa na mahali pake. Vile vijiti viwili vya kusukumia vavu alivichomeka kwenye kipande cha boksi la sabuni, akaandika kwa kalamu kipi cha moshi na kipi cha hewa, akisema kijiti kimezoeana na mwenzake miaka mingi, usikibadilishie jirani uzeeni. Nilimpenda kwa maneno hayo.

Jioni ya tatu ya kufungua tukafika kwenye kile kikombe kinachozunguka. Kilikuwa kimejaa tope lililokauka, gumu kama udongo wa mfinyanzi. Kijana akakwangua kidogo kwa bisibisi, akaweka kwenye ukucha wa kidole gumba, akasugua kwa kidole cha pili, kisha akanisogezea mkono sikioni. Nikasikia mchanga.

"Mzee," akasema, "tope la oili chafu ni laini, kama mafuta ya mgando. Hili lina punje. Mchanga umeingia humu."

Tukatoa silinda. Akapitisha ukucha ndani, kutoka chini kwenda juu, na karibu na juu ukucha ukagota kwenye ngazi. Pale ringi zinapofikia mwisho wa safari yao, chuma kilikuwa kimeliwa chote kuzunguka, pakabaki mdomo. Akachukua ringi moja, akaitia peke yake ndani ya silinda, akapima pengo la ncha zake kwa fila. Akaniambia likizidi nusu milimita ringi hiyo ni ya kutupa. Letu lilizidi milimita moja na nusu. Kisha akainua pistoni kwenye mwanga. Nyinyi mliolelewa na bibi mnakumbuka sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga mtoni: haing'ai, ina kijivu chake, na mistari midogo isiyohesabika inayokwenda upande mmoja. Ndivyo ilivyokuwa pistoni ile, pande zote sawa.

Nikamuuliza, tena kwa ile sauti yangu ya redioni, kama hiyo si pistoni bandia. Akacheka.

"Pistoni mbovu haifi hivi. Ikiwa chuma chake kibaya inavimba kwa joto, inashika ubavuni, unaona imekwaruzika sehemu sehemu, au inapasuka penye ringi. Hii imesagwa, taratibu, kila mahali. Hii imekula mchanga mdomoni. Ilikuwa haina sponji. Nani alitoa sponji?"

Wasikilizaji, kuna maswali ambayo mtu huyangoja miaka mingi bila kujua kwamba anayangoja. Nilimwambia sijui.

Alipoondoka nikakwangua masizi juu ya pistoni kwa kijiti. Yakatokea maandishi: IN, kuonyesha upande wa kuingilia hewa, na 0.50. Kesho yake nikaifunga kwenye gazeti nikaenda nayo Kariakoo, kwa muuza vipuri mmoja mzee. Akaigeuza, akasoma alama iliyo chini kwenye uvungu wake, akaipima uzito kwa kiganja, akaleta mpya ya kulinganisha. Akasema alama zinaweza kuigwa na mtu yeyote, hivyo yeye haamini alama, anaamini chuma na jinsi kilivyochongwa. Halisi, akasema, na iliyofungwa na mtu anayejua kazi, maana haijakaa upande. Nikiwa na nyingine isiyoliwa na mchanga atainunua.

Jioni nikampigia mdogo wangu Mpwapwa. Nikamwambia aende stoo, kwenye fremu, afungue lile boksi la chujio la hewa, skrubu ziko ubavuni. Nikangoja kwenye simu. Nikasikia bisibisi ikiruka, nikasikia anatukana, kisha kimya.

"Kaka, hamna kitu. Kuna nyumba ya nyigu tu."

Nilijua hamna kitu. Nilijua tangu Agosti 1999.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, niko nyumbani, nina miaka kumi na minane. Vijana wakubwa walituambia kwamba ukitoa chujio la hewa pikipiki inapumua vizuri, inakimbia, inanguruma. Baba alikuwa Dodoma kwenye semina ya juma zima. Nikafungua boksi, nikavuta sponji, ikachanika mkononi mwangu kwa uzee. Nikaitupa chooni. Nikafunga boksi, nikakaza skrubu vizuri, nikaenda Kongwa kwenye disko, na kesho yake tena, na keshokutwa. Wanaoijua barabara ile ya wakati ule, mwezi wa Agosti, wanajua vumbi lake: unamfuata mtu kwa nyuma humuoni, unaona wingu. Injini ndogo kama ile inavuta hewa kwa maelfu ya mikupuo kila dakika, na kila mkupuo ulibeba mchanga wake moja kwa moja hadi kwenye oili. Baba aliporudi alikuta pikipiki imeoshwa. Akanisifu.

Akaendelea kuitumia bila sponji, yeye hajui. Na moshi ulipoanza na shauri lilipokwenda kwa wazee, mimi nilikuwapo. Mimi ndiye niliyewabebea wazee viti.

Mtaniuliza: je, niliposimulia habari ile redioni miaka mitatu iliyopita, nilikuwa nadanganya nikijua? Nimejiuliza sana. Jibu la kweli ni baya kuliko uongo. Nilikuwa nimeisikia hadithi ya pistoni bandia kwa baba mara nyingi mno, mezani, misibani, kwa wageni, hata ikawa yangu. Sponji ilikaa chumba kimoja cha kichwa changu na pistoni chumba kingine, na sikufungua mlango wa katikati. Mtu mwenye diploma ya uandishi wa habari, aliyefundishwa kwamba habari haina budi kuulizwa pande mbili, nilitangaza habari ya upande mmoja, na upande huo ndio wa mwenye kosa.

Desemba nikabeba injini katika vipande, ndani ya lile beseni na maboksi mawili, nikarudi nayo Mpwapwa. Fundi yule yuko hai. Ni mzee sasa, anatengeneza baiskeli karibu na stendi, na kando yake mjukuu wake anatengeneza bodaboda. Nilimkuta anaziba tairi ndani ya karai la maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe si mtoto wa Bwana Mifugo? Wa redio."

"Ndiyo mzee."

"Nilikusikia." Hakuinua macho kutoka kwenye karai. "Tulikuwa wengi hapa, tunakunywa chai. Wote wakanyamaza."

Nikaweka beseni mbele yake, nikampa pistoni na silinda, nikasema niliyokuja kusema, tangu sponji hadi viti vya wazee. Sikuweza kuyapanga kama ninavyoyapanga hapa. Alisikiliza, kisha akavaa miwani yake yenye uzi, akapitisha ukucha ndani ya silinda, mara mbili, akaangalia pistoni kwenye jua.

"Baba yako alijua?"

"Hakujua, mzee. Amekufa hajui."

Akakaa kimya muda mrefu. Mjukuu wake alikuwa ameacha kazi anatutazama.

"Hata mimi sikujua," akasema. "Nilidhani labda kweli aliyeniuzia kule alinidanganya, na macho yangu hayakuona. Ndiyo maana niliacha injini. Si kwa sababu ya spana. Spana mtu anaazima. Nilisema, kama macho hayawezi kutambua pistoni, yabaki kwenye baiskeli."

Nilikuwa na bahasha. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu, shilingi 38,000 za mwaka ule zingekuwa ngapi leo, nikaongeza. Akahesabu mbele yangu, noti moja moja. Akamuuliza mjukuu wake boksi la spana la ngazi tatu linauzwa kiasi gani. Akatoa kiasi hicho, akanirudishia zilizobaki.

"Hizi ni za spana. Hizo nyingine sijui ni za nini."

Kisha akavuta beseni karibu, akaanza kupanga vipande juu ya gunia, kwa utaratibu ule ule wa yule kijana wa Dar es Salaam ambaye hawajawahi kuonana.

Silinda tuliituma Dodoma kwa basi ikakerezwe hadi 0.75, yaani upana wa milimita 57.25. Pistoni ya ukubwa huo mjukuu aliipata dukani pale pale mjini. Ya Kichina, ya bodaboda, nayo ikaingia kama imezaliwa humo. Mzee aliipima kwa muda mrefu. Ringi ya kwanza aliikataa, pengo lake halikumpendeza, akamrudisha mjukuu dukani. Lakini kabla ya hayo yote, kabla hata silinda haijarudi kutoka Dodoma, alinipa sponji mpya. Akaniagiza niiloweke kwenye oili, niikamue, niipeleke nyumbani mwenyewe kwenye fremu, niifunge ndani ya boksi lake, nirudi nimwambie. Nikaenda, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, nikatoa nyumba ya nyigu, nikafunga sponji, nikarudi nikamwambia. Siku iliyofuata fremu ilipoletwa stendi, alifungua boksi akahakikisha.

Vavu alizirekebisha kwa fila ya 0.08, unene wa unywele mmoja, injini ikiwa baridi. Mkono wake ulitetemeka, akaushikilia kwa mkono wa pili. Mjukuu akataka kumsaidia, akamtazama tu, mjukuu akarudi nyuma.

Nikapiga kiki. Ya kwanza hadi ya kumi na moja, kimya. Akafungua plagi, akaifuta, akairudisha. Ya kumi na tatu ikakohoa. Ya kumi na tano ikawaka, na moshi mweupe wa oili ya kufungia ukawafunika wauza karanga, kisha ukapungua, kisha ukaisha. Mzee akapunguza gesi hadi injini ikawa inanguruma peke yake, polepole. Vijana wa bodaboda walikuwa wamejaa. Mmoja akasema, "Mbona inalia kama yangu!" Mzee akamwambia ni yako ndiyo inayolia kama hii.

Baada ya saa moja ya kunguruma akaizima, akamwaga oili yote ingali ya moto, oili mpya kabisa, akatia nyingine. Ringi mpya zinapoonana na silinda mpya zinaacha unga wa chuma, na unga huo hafai kukaa nao ndani. Wale vijana walisikitika kuona oili ya njano inamwagwa. Wengi wao wana pikipiki za mkataba: kila jioni hesabu ya tajiri, na ikibaki chochote ni cha unga wa ugali, si cha oili. Siwalaumu. Ila nilimwona mmoja, mzee alipokuwa anaosha wavu, anapiga magoti na kufungua boksi la chujio la pikipiki yake mwenyewe. Alichungulia, akafunga haraka, akaangalia kama kuna aliyemwona.

Jioni mzee akasema ataiendesha yeye hadi nyumbani, aisikilize njiani. Mimi nikafuata kwa bodaboda. Alipita taratibu, gia ya pili, ya tatu, akazunguka kona ya kisima. Tangu mwaka 1999 alikuwa hajaingia katika ua ule. Mama alikuwa amekwisha kutoka nje, amesimama na ungo mkononi; alikuwa ameisikia kabla haijapita kona. Akasema, "Karibu, fundi." Akaingia, akaiegesha mahali pale pale baba alipokuwa akiiegesha. Walikunywa chai. Walizungumza habari za mvua.

Nilipomsindikiza ndipo akaniambia neno lake la mwisho. Kwamba pale stendi wamesikia, na nyumbani wamesikia, lakini mimi habari ile sikuisema stendi. "Uliisema redioni. Irudishe huko huko." Nikamuuliza kama nimtaje kwa jina. Akafikiri. Akasema hapana, mara ya kwanza sikumtaja na watu walimjua, basi na mara hii watamjua.

Kwa hiyo nasahihisha. Pistoni iliyofungwa Mpwapwa mwezi wa Mei mwaka 1999, katika Honda CG 125 ya bwana mifugo, ilikuwa halisi, ya ukubwa wa 0.50, na ilifungwa sawasawa na fundi anayejua kazi yake. Injini ile niliiua mimi, kwa kutoa sponji ya chujio la hewa, nikanyamaza.

Mzee wangu, najua saa hizi redio iko mezani na chai iko hapo. Nimeisema.